Nyongeza ya Unga Katika Duka la Dirma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la ushirika la Dirma, Meneja aliitikia shikamoo yangu kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye mizani. Nilikuwa binti wa katekista, nimelelewa kuamini kwamba kupunja ni dhambi. Nikapima unga mpaka mshale ukasimama katikati, nikafunga.

"Bado, binti," akasema. "Ongeza kiganja kimoja. Hiyo ndiyo nyongeza. Mteja akiikosa, atasema amepimiwa na mtu mwenye njaa."

Enzi hizo mashamba ya ngano ya serikali yalianza karibu kabisa na mlango wetu. Ngano ilivunwa hapo, ikaenda kusagwa Arusha, nasi tukanunua unga kwa bei ya jumla na kukodi lori la kuurudisha. Juu ya gharama hizo tuliweka faida ndogo. Serikali iliweka ukomo wa bei; chini ya ukomo huo, wanachama waliamua wenyewe. Faida hiyo ndiyo iliyokodi lori la safari iliyofuata.

Katika mkutano wa wanachama, fundi wa matrekta wa shambani alisimama.

"Ngano navuna mimi. Inakwenda Arusha, inarudi ghali kama mtoto wa tajiri aliyekwenda kusoma. Unga uuzwe kwa bei ya kununulia."

Wengi wakampigia makofi. Meneja akaeleza kwamba hapo lori halitakodiwa tena, duka litafungwa, na kila mtu atafuata unga Katesh kwa miguu. Hawakumwamini. Niliogopa kupoteza kazi, nikaomba Mungu kimoyomoyo.

Meneja akaniambia nifungue gunia na kulipima lote mbele yao, kilo moja moja, ila kila nyongeza niitie kwenye beseni. Nilipofika chini ya gunia, beseni lilikuwa limejaa.

"Sehemu kubwa ya faida mnayoitafuta ndiyo hii," akasema. "Iko majumbani kwenu. Tukiacha nyongeza, bei itashuka na lori litakuja. Nyongeza na bei ya chini, vyote viwili siwezi."

Bibi mmoja akainua fimbo. "Meneja, bei ni ya ofisi, nyongeza ni ya mtu na mtu. Ukiiondoa, nitajuaje kama huyu binti amenikasirikia?"

"Bibi, nina watoto sita," fundi akamjibu. "Upendo wa kiganja hauwashibishi."

Watu wakacheka, lakini walipoinua mikono fundi alishinda. Nyongeza ya unga ikafutwa, bei ikashushwa kidogo.

Kesho yake fundi ndiye aliyekuja wa kwanza. Nikampimia, mshale ukasimama, nikafunga. Hakuondoka.

"Dada, umesahau kidogo."

"Uliifuta jana, kaka."

Akakitazama kifurushi. Nyuma yake bibi yule akasema, "Sogea, mtetezi wetu. Wengine nao waje kupimiwa kavu."

Fundi akacheka kuliko wote. Bibi alinuna wiki nzima, ila akaendelea kununua. Lori lilikuja, likaja tena, na duka lilikuwa bado wazi nilipohamishiwa Tumati, na baadaye Haydom, nilikostaafu.

Kote huko nilisikia malalamiko ya bei, hasa Haydom, penye hospitali kubwa, kwa watu walioshuka kwenye basi wakiwa na mgonjwa na fedha kidogo. Sikuwahi kuyachukia. Anayelalamika ana watu wa kulisha nyumbani, na meneja naye ana mzigo wa kuleta kesho. Namshukuru Mungu aliyeniweka kati yao miaka yote hiyo na kunipa subira ya kuwasikiliza wote wawili.

Sasa mimi ni mteja. Mama muuzaji wa jirani akitaja bei, nashtuka kama wengine. Anaanza kunieleza habari za nauli ya mzigo, namsikiliza hadi mwisho, nalalamika kidogo kwa heshima, kisha nalipa.