Haitham na Gari ya Viti Viwili

Shemeji yangu Haitham ni fundi wa mafriji, na ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote nitakayoyasema yatamfanya aonekane mwehu, na mkewe Siti, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, hapendi nimwite hivyo mbele za watu.

Hapa kwetu Gando, kisiwani Pemba, gari si ya mwenyewe. Jina kwenye kadi ni lako, mafuta unatia wewe, lakini akizidiwa mtu, gari ni ya mji mzima. Unagongewa mlango, unatoka, unaendesha. Na mgonjwa haendi hospitali peke yake. Huenda na mama, na shangazi, na jirani aliyemwona akianguka, na mwanamke mmoja wa kushika beseni. Kwa hiyo mtu wa Gando akinunua gari haulizwi ni ya mwaka gani wala inakula mafuta kiasi gani. Huulizwa jambo moja tu: inachukua watu wangapi?

Ya Haitham inachukua wawili, na yeye ni mmoja wao.

Aliiona Unguja, alikokwenda kutengeneza majokofu ya hoteli. Ilikuwa gari ya spoti ya Kijapani, ya zamani, nyekundu iliyopauka, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani na mbuzi akasimama kando, mnatazamana macho kwa macho. Injini ilikuwa imeshakufa kitambo. Mtu mwenye akili timamu angeitazama, akasikitika, akaenda zake. Haitham akainunua.

Ilishushwa Wete kwenye meli ya mizigo, ikavutwa kwa kamba nyuma ya pikapu mpaka Gando, na ilipofika watu walikuwa wameshajaa. Mzee Bakar, ambaye hana gari lakini ana maoni juu ya gari zote, akafungua boneti ya mbele. Akakuta tairi la akiba na jeki.

"Yakhe Haitham, umeibiwa!" akapiga kelele. "Injini haimo!"

Akazunguka nyuma, akafungua buti. "Na huku haimo!"

Haitham akacheka kwa majivuno, akafunua kifuniko kilichokuwa baina ya viti na buti. Injini ilikuwa hapo, nyuma ya kisogo cha dereva. Bi Mize, jirani yetu, ambaye mwanawe Seif alikuja kumuoa binti yangu, akainama akachungulia kwa utulivu.

"Kumbe kaibeba mgongoni kama ntoto," akasema. "Basi ntoto mwenyewe kafa."

Watu walicheka mpaka dereva wa pikapu akakaa chini. Tangu siku ile ikaitwa Gari ya Choyo. Mtu akiumwa, jamaa zake walipita mlangoni kwa Haitham bila hata kugeuza shingo, wakaenda kumwamsha Abrahman mwenye kigari cha mizigo chenye benchi mbili za mbao. Wengine jina lile liliwachekesha, Haitham likamuuma kweli. Jioni moja alinifuata kwenye karakana yangu, mimi ni seremala, akakaa juu ya kitanda ambacho hakijakauka rangi.

"Shemegi," akasema, "mie sitaki chengine. Nataka ntu mmoja tu wa Gando, siku moja, aseme nipelekeni kwa gari ya Haitham."

"Basi kata paa utie benchi," nikamjibu.

Hakunisemesha Ramadhani nzima. Futari alikuja kula kwangu kila siku, lakini hakunisemesha.

Injini akaitafuta kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Hakimuddin, mwenye duka la vipuri Chake Chake, alivaa miwani akaitazama kwa adabu picha ya injini aliyoonyeshwa. "Bwana Haitham," akasema, "injini ya namna hii Pemba haijapata kuja. Na ikija, mimi nitafunga duka nije kuitazama." Lakini nyuma ya duka alikuwa na kigari cha familia kilichogonga mnazi Vitongoji. Mbele kilikuwa kimekunjamana, ila injini ilikuwa nzima, nayo ilikaa kwa ubavu pamoja na giaboksi yake, vilevile kama ile iliyokufa.

"Hino ilikuwa ikivuta kwa mbele," nilimwambia Haitham alipoileta. "Wewe wataka isukume kwa nyuma."

"Injini haijui iko wapi," akanijibu. Ndivyo wanavyofikiri mafundi wa mafriji.

Nilijiapiza kutojihusisha. Lakini injini mpya haikukubaliana na vishikio vya zamani, ikawa inakaa upande upande, na fundi wa kuchomea akataka kielelezo cha mbao kabla hajakata chuma. Nikavichonga vishikio vinne kwa mbao ya mfenesi, na nikavichonga vizuri, maana hasira ni hasira na kazi ni kazi.

Siku ya kuiwasha ikaunguruma mara ya kwanza tu, na Haitham akanikumbatia na mikono yake ya grisi. Akaingia, akatia gia ya kwanza, gari ikaenda kinyumenyume mpaka katikati ya mihogo ya Bi Mize. Alikuwa amezigeuza kebo za gia. Akazirekebisha, na mihogo akailipa kwa kutengeneza friji ya Bi Mize bure, friji ambayo haikuwa mbovu.

Ikaja shida ya maji. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na mabomba yanapita chini ya gari yote. Ndani yake kukabaki hewa, basi kila akifika skuli ya msingi gari inachemka. Haitham akasema dawa yake ni kuinua pua ili hewa ipande itoke. Jeki yake haikutosha. Ikabidi wanaume tuliotoka kuswali alasiri tuishike pua ya gari na kuinyanyua, shehe wetu akiwa bado na tasbihi mkononi, huku Haitham akimimina maji kwa birika ya kahawa na kutuomba tusitetemeke.

"Haitham," shehe akasema, shingo imemtoka mishipa, "hino gari au ng'ombe wa kupigwa sindano?"

Lakini ikapona. Ikawa inakwenda Wete na kurudi bila kukohoa. Hakuna aliyeipanda. Bi Mize alisema yeye haingii gari ya kukaa kitako chini, maana kuingia ataingia, je kutoka? Haitham alikuwa akipita peke yake na kiti kitupu pembeni, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nampungia mkono kwa kejeli.

Sasa ikafika Jumamosi ile. Shumba kulikuwa na harusi kubwa, na kila chenye magurudumu pale kijijini kilikuwa kimekwenda huko, na Abrahman na benchi zake. Binti yangu Khairat alikuwa kwangu, kama ilivyo desturi mimba ya kwanza mtu kujifungulia kwa mama yake. Siku zake zilikuwa bado. Baada ya alasiri uchungu ukamshika ghafla, tukamwita Bi Asya, muuguzi wa kituo chetu cha afya. Akampima, na nikauona uso wake ukibadilika.

"Mtoto kakaa vibaya," akasema. "Anatakiwa hospitali ya Wete sasa hivi, na lazima niwe naye."

Gari ya wagonjwa ilikuwa imempeleka mtu mwengine Chake. Abrahman tulimpigia, akasema anatoka Shumba mbio, na sote tunaijua njia ya Shumba ilivyo mbovu. Nilikaa juu ya ndoo, na ndipo nikasikia mlio uani. Haitham alikuwa ameshaileta gari mpaka kizingitini.

Hapo sasa ukaanza ugomvi. Mke wangu alikuwa ameshaingia garini na beseni. Bi Mize alikuwa mlangoni na furushi la kanga, akimwambia ajisogeze. Bi Asya akawatoa wote wawili kwa mkono. Mke wangu akasema mwanawe haendi popote bila mama. Bi Mize akasema mjukuu ni wake pia, na kama viti ni viwili yeye atakaa juu ya kile kifuniko cha injini, si kipo tu? Mimi nikawa napiga kelele ambazo hata mwenyewe sikujua nasema nini.

Khairat akanyanyua kichwa kutoka kwenye godoro.

"Nitieni kwenye gari ya ami Haitham!" akapiga ukelele. "Mama abaki! Bi Mize abaki! Na abaki kila ntu!"

Nilimtazama Haitham. Alikuwa amesikia. Hata katika hofu ile uso wake uling'aa kama wa bwana harusi, akashika usukani kwa mikono miwili. Tukamlaza Khairat kwenye kiti cha pembeni, tukakilaza kiti kadiri kilivyokubali. Bi Asya akazunguka upande wa dereva, akanyoosha mkono.

"Shuka."

"Aa?" akasema Haitham.

"Nina leseni. Mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja. Shuka."

"Utaendeshaje na huku wamtazama yeye?"

"Likitokea jambo njiani, mimi nitasimama nimhudumie. Wewe ukisimama njiani utafanya nini, Haitham?"

Gari ile haikuwahi kushikwa na mtu mwengine. Hata Siti hakuruhusiwa kuihamisha kutoka kivulini. Nilikuwa naijua roho yake, na nilikuwa tayari kumtoa kwa ukosi wa shati. Hakunihitaji. Alishuka, akampisha, akaanza kusema kwa haraka kwamba klachi iko juu, kwamba gia ya pili inang'ang'ania, ibembelezwe. Bi Asya alikuwa ameshafunga mlango.

Ikaondoka. Vumbi likatufunika, wanawake wakaangua kilio, na Haitham akainua mkono juu.

"Nyamazeni!" akasema. "Nyamazeni kidogo!"

Tukanyamaza. Mlio ulikwenda ukipita minazini, ukashuka kwenye kona, gia ya pili ikaingia bila kusita, ukapanda tena, wazi na sawasawa, hauna hata kikohozi. Tukausikiliza mpaka ukawa mwembamba.

"Shemegi," akasema, na machozi yakimtoka, "mie sijapata kuisikia ikipita."

Nami nikalia, lakini mimi nilikuwa namlilia mwanangu. Kabla ya magharibi Bi Asya akapiga simu. Khairat ni mzima, na mtoto ni wa kike. Bi Mize akampokonya mke wangu simu ili aulize kama kafunikwa vizuri.

Sasa Gando nzima inaitaka gari ile. Inafika Wete kabla Abrahman hajamaliza kupakia shangazi za watu. Mlango wa Haitham unagongwa kila mara, na anayegonga hutaka ufunguo tu, kwa sababu kiti kimoja ni cha mgonjwa na kimoja ni cha Bi Asya. Hakuna anayemtaka Haitham. Yeye hutoka na ufunguo, akasimama njiani kwa kandambili mpaka gari ipotee.

Juzi nilisimama naye. Nikamwambia, na safari hii sikuwa na kejeli, kwa nini asitafute gari kubwa, ili naye apate pa kukaa? Akanionyesha kidole ninyamaze. Ilikuwa bado inasikika.