Ripoti Iliyotiwa Fremu

Kazini walimwita Isipokuwa. Alijua, na wala hakununa. Angenunaje? Jina alilipata kwa jasho lake. Hakuna ripoti ya ukaguzi iliyotoka mezani kwake bila neno hilo. Stoo ni safi, isipokuwa. Kumbukumbu zimepangwa vizuri, isipokuwa. Hata nyumbani, mumewe akipika, yeye huonja, husema mchuzi mtamu sana, halafu hunyamaza kidogo, na mumewe huinuka mwenyewe kwenda kutafuta chumvi.

Alikuwa mkaguzi wa ndani wa shirika lenye shule kadhaa, mama mnene wa mwendo wa taratibu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na moyo laini kupita kiasi. Jamani, mtu mwenye moyo ule angekuwa muuguzi, au shangazi wa kulea watoto wa ukoo mzima. Lakini ukaguzi! Akigundua kosa, kwanza alimwonea huruma aliyelifanya. Kisha alikaa chini akaandika sentensi ndefu yenye kona nyingi, akalifunika kosa humo kama kichanga ndani ya blanketi, hata pua isionekane.

Kila rasimu alimsomea mumewe, fundi wa majokofu, jioni wakiwa sebuleni wamekunjua miguu.

"Imekaaje?" alimuuliza.

"Tamu kabisa, mke wangu."

Angesema hivyo hata kama angesomewa maelezo ya kwenye pakiti ya sabuni. Alimpenda mkewe mno, na kwa kazi ya kusikiliza ripoti alikuwa hafai hata kidogo.

Basi mwaka mmoja wakampeleka kukagua shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu Mkuu wa pale ndiye aliyemfundisha kuandika insha utotoni. Si insha tu. Mama yake Isipokuwa alipolazwa hospitali miezi na miezi, mwalimu huyo ndiye aliyemchukua nyumbani kwake, akamlisha, akamsuka nywele, akamkemea kama wa kuzaa. Isipokuwa alimweleza bosi wake mambo hayo yote mapema, kama kazi inavyotaka. Bosi akacheka. "Kuna nani hapa ambaye hakufundishwa na mtu? Nenda bwana!"

Akaenda. Akakagua stoo, akakagua jiko, mwisho akamwomba matroni amwonyeshe funguo za majengo. Walipofika bwenini akaona mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli kwa nje. Ufunguo, matroni alisema, unakaa kwa mlinzi getini, mbali kule, kutoka jioni mpaka asubuhi. Madirishani nondo tupu. Na mlango wa mbele? Huo unapitia chumba cha pasi, chenye waya za umeme zilizounganishwa hovyo, ambako wasichana hunyoosha sare zao kila usiku kabla ya kulala.

Huhitaji kuwa mkaguzi kujua maana yake. Pasi moja ikisahauliwa, chumba kile kikishika moto, watoto zaidi ya hamsini hawana pa kutokea.

Isipokuwa aliona. Usidhani hakuona. Lakini alipoketi kuandika, uso wa mwalimu wake ukamjia, na ile sauti ya kumwita mwanangu, na kalamu ikaanza kumung'unya maneno. Akaandika hivi: "Kwa ujumla uongozi wa shule unastahili pongezi za dhati, isipokuwa ipo haja ya kuendelea kuimarisha udhibiti wa funguo za majengo, hususan bweni." Mumewe akasema tamu kabisa. Mwalimu Mkuu akajibu kwa maandishi kwamba ushauri umepokelewa kwa mikono miwili. Ripoti ikagongwa mhuri, ikaingia kabatini, na watu wakaendelea na maisha yao.

Mwaka uliofuata akarudi kufuatilia utekelezaji. Mwalimu Mkuu alimlaki mlangoni, akamkumbatia, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea.

"Njoo, mwanangu, njoo kwanza uone!"

Akamvuta hadi ukuta wa mapokezi. Loh! Ripoti. Ukurasa wa kwanza wa ripoti, umetiwa kwenye fremu ya mbao yenye kioo, kioo kinang'aa kwa kufutwa, umetundikwa kando ya saa ya ukutani.

"Kila mgeni namwonyesha," alisema Mwalimu Mkuu. "Namwambia, aliyeandika hii nilimfundisha mimi. Tazama hicho Kiswahili kilivyonyooka!"

Isipokuwa akacheka kwa aibu na furaha, na kichwa, tuseme ukweli, kikamvimba kidogo.

"Na ule ushauri wako wa funguo," Mwalimu Mkuu akaongeza, "tumeutekeleza wote. Wote! Matroni atakuonyesha."

Moyo wa Isipokuwa ukatulia. Wameelewa, alijiambia, kumbe wameelewa. Akamfuata matroni kwenda bwenini akiwa mwepesi kama msichana, na kwenye mlango wa nyuma akasimama ghafla.

Kufuli lile la mwaka jana halikuwepo. Pahali pake palikuwa na kufuli jingine, zito, pana kama kiganja cha mwanamume.

"Hili jipya," alisema matroni kwa fahari. "Mwalimu Mkuu alisema mkaguzi anataka udhibiti uimarishwe. Na ufunguo siku hizi hauzururi. Unafungiwa ndani ya sanduku la chuma kule getini, na ufunguo wa sanduku anao mlinzi wa zamu mfukoni."

Alizunguka, akaingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kitanda cha karibu, juu ya shuka la mtoto wa watu lililotandikwa bila kunyanzi, na mkono ukamwenda mdomoni. Kwa hiyo walimtii. Walimtii kabisa, na kwa sababu walimtii, mlango ulikuwa mbaya kuliko alivyouacha.

"Unaumwa, dada?" aliuliza matroni.

"Nina haya," alijibu. "Nipatie mahali pa kuandikia."

Wakampa meza kwenye kona ya chumba cha walimu, kati ya mafungu ya madaftari. Akaanza: "Pamoja na juhudi kubwa za kupongezwa..." Akafuta. Akaanza: "Ingawa hatua za kutia moyo..." Akafuta, safari hii kwa hasira mpaka karatasi ikachanika. We mama we, alijisema kimoyomoyo, watoto wanalala mle leo, nawe bado unatandika mazulia! Akachukua karatasi nyingine. Akajiuliza, kama angekuwa anamwambia mtu aliyesimama mbele ya mlango ule, ana haraka, kengele ya somo imeshalia, angesemaje? Akaandika hayohayo:

"Mlango wa nyuma wa bweni unafungwa kwa kufuli kwa nje kila usiku. Ufunguo uko getini. Moto ukianzia chumba cha pasi, wasichana hawataweza kutoka. Ondoeni kufuli. Wekeni komeo la ndani, linalofunguka kwa mkono bila ufunguo. Chanzo cha kasoro hii kuongezeka ni ripoti yetu ya mwaka jana, ambayo haikusema wazi."

Akaisoma kwa sauti ya chini. Haikuwa tamu hata chembe.

Kuna desturi katika kazi hii: kabla ripoti haijatoka, mkaguzi hukaa na aliyekaguliwa, humsomea hoja zake, naye huandika majibu yake chini ya kila hoja. Isipokuwa aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alijikaza, akasoma yote bila kunyanyua macho.

"Hivi ndivyo unavyoniandikia mimi?" Mwalimu Mkuu aliuliza taratibu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua kwa nini niliweka kufuli? Wezi waliingia mle. Walibeba mpaka magodoro. Watoto wangu walilala wamekumbatiana wakitetemeka, mimi nimekaa nao mpaka kunapambazuka. Niliapa hataingia tena mtu. Leo wewe, niliyekulea, unaandika kwamba nimewafungia wateketee?"

"Nimeandika kwamba mlango umefungwa, Mwalimu." Akaweka karatasi mezani. "Najua unawapenda. Komeo la ndani litazuia wezi vilevile. Ila nao wataweza kutoka."

Mwalimu Mkuu alivuta karatasi, akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya majibu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara: "Uongozi umepokea ushauri na utaufanyia kazi."

Hapo ndipo Isipokuwa wa zamani angeshukuru, akafunga mkoba, akaenda zake. Alimtazama mwanamke aliyempa chakula na kitanda alipokuwa hana pa kwenda, akaweka kidole juu ya mstari ule.

"Nani, Mwalimu? Na lini?"

Kiti kikasukumwa nyuma. Mwalimu Mkuu akasimama, akatoka bila kuaga, na mlango ukabamizwa. Isipokuwa alibaki peke yake ofisini. Alilia, ndiyo, alilia waziwazi, kwani aliamini kwamba amempoteza mama wa pili. Lakini karatasi hakuigusa, na neno moja hakulipunguza.

Alisikia hatua zikirudi. Mwalimu Mkuu aliingia akihema, jasho usoni, vumbi la njia ya getini limemjaa viatuni. Mkononi alikuwa na lile kufuli. Akalitua juu ya meza, zito, pu! Kisha akaketi, akakata sentensi yake mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika: "Nimefungua mwenyewe, leo. Fundi wa komeo nimeshamwita."

Hakutia sahihi. Alishika kalamu akimtazama mwanafunzi wake.

"Mwaka jana uliuona mlango ule?"

"Niliuona, Mwalimu."

"Ukaniogopa?"

Isipokuwa akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka kidevuni. "Nilikupenda. Sikutaka nikuumize."

Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono juu ya kufuli, akampangusa uso kwa kiganja chenye vumbi, kwa nguvu, vile mama anavyompangusa mtoto aliyekwisha kukua.

"Basi usinipende hivyo tena," alisema, akatia sahihi.