Kurudisha Baiskeli ya Mgogo Kwao

Mtu mzima akivaa kaptula ya kubana na kukatiza mtaa wa Chemchem asubuhi kwa baiskeli, ajiandae kwa lolote. Siku yangu ya kwanza, mama mmoja jirani anayeuza maandazi aliniangalia kuanzia magotini kwenda juu, akageuza uso haraka, akauliza ukuta, "Baba wa watu, suruali umeisahau wapi?" Tangu hapo nikawa natokea uchochoroni. Ikawa vibaya zaidi, kwa sababu uchochoroni ndiko wanakofulia.

Aliyeniingiza kwenye balaa hilo ni mtani wangu, Mgogo, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Tabora zamani akagoma kuondoka. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa asiyejua, babu zangu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na njiani wakapita Ugogo, wakagombana na wenyeji kuhusu maji na ushuru wa njia. Walipochoka kugombana wakaanza kutaniana, na hatujaacha mpaka leo. Mgogo anaweza kunitukana mbele ya mkwe wangu, na nikikasirika mimi ndiye sina adabu.

Kwa hiyo kila Jumamosi tulipoendesha baiskeli kwenda Isikizya na kurudi, bwana yule hakubeba kitu. Pampu nibebe mimi, maji nibebe mimi, hadi viazi vyake vya kuchemsha nibebe mimi. "Mnyamwezi anatembeaje mikono mitupu?" ananiuliza. "Wenzako wakikuona watasemaje?" Nami namwambia anywe maji polepole asije akapata mshtuko, maana kwao mvua wanaisikia redioni tu. Tulicheka upuuzi huohuo miaka nenda rudi, na haukuchuja.

Lakini baiskeli siku hizi si baiskeli tena, ni klabu. Klabu yetu ina mwenyekiti, na mwenyekiti ana duka la dawa, miwani inayofunika nusu ya uso, na baiskeli nyepesi kiasi kwamba anainyanyua kwa kidole kila anapopata watazamaji. Kuiendesha ni habari nyingine. Kabla ya safari anatuhutubia kuhusu mapigo ya moyo, mlo na nidhamu. Tukifika nje ya mji, lami ikianza kupanda kidogo tu, simu yake inaita. Sijawahi kuona mtu anayepigiwa simu nyingi hivyo na milima, tena Tabora, ambako mlima wenyewe unautafuta kwa tochi.

Mtani wangu alifariki akiwa amekaa kwenye kiti ofisini, anasubiri chai. Moyo ulisimama. Mtu aliyezunguka mkoa mzima kwa pedali, kifo kikamkuta kwenye kiti! Nilikasirika mno. Bado nimekasirika. Na mimi wakati huo nilikuwa nimelazwa na malaria iliyonichukua akili. Walimsafirisha kwao, chini ya miteremko ya Saranda, wakamzika, na mimi niko wodini nabishana na feni.

Nilipopata nafuu, dada yake akanipigia. Alisema msiba ulikwenda vizuri, watu walijaa, kwaya iliimba.

"Shemeji, mama hajalia," akasema. "Tangu tumzike hajatoa chozi. Anakaa tu, anatazama barabara. Siku ya mazishi aliuliza neno moja: Mnyamwezi wake yuko wapi? Tukamwambia unaumwa. Hajauliza tena, na kula hali. Tunaogopa tutamzika na yeye. Njoo kwenye arobaini. Na ile baiskeli uje nayo."

Anayejua utani hahitaji maelezo zaidi. Msibani mtani ana kazi yake. Wenyewe wakilia, yeye anavaa nguo za marehemu, anatembea alivyotembea, anakoroma alivyokoroma, mpaka wafiwa wacheke, na wakishacheka machozi yanapata njia. Yule mama alizika bila mtani. Kazi yangu ilikuwa inanisubiri, na baiskeli ilikuwa kwenye banda la shule, imejaa vumbi.

Nikafanya kosa la kumwambia mwenyekiti.

Nilitaka ruhusa ya kuchukua gari la klabu linifuate na maji, basi. Wiki haikuisha jambo likageuka "Msafara wa Kumbukumbu katika Njia ya Kale ya Karavani". Fulana zikachapishwa. Picha ya marehemu iliwekwa mgongoni, ndogo kama stempu, na kifuani akakaa mwenyekiti mwenyewe, na miwani yake. Akapatikana na kijana wa droni. Nikauliza droni ya nini msibani. Akanijibu, "Bwana, mambo yamebadilika. Siku hizi hata huzuni lazima ionekane kutoka juu."

Tukaondoka Tabora tukiwa kundi zima, honi zinapigwa, watu wanapunga mikono. Nilipanda baiskeli ya mtani wangu. Marehemu alikuwa mrefu kama mlingoti na mimi Mungu aliniumba kwa kubana matumizi, kwa hiyo siti ilinining'iniza, vidole vya miguu vikigusa pedali kwa kuomba. Nilikataa kuishusha. Sasa hivi sijui nilikuwa namkomoa nani.

Kufika Tura wawili walikuwa wameshapanda gari, wakisema wanalinda mizigo. Baada ya hapo tukaingia kwenye lile pori ambalo wapagazi wa zamani waliliita Mgunda Mkali, yaani shamba kali, na jina halikukosewa. Ni vichaka vya kijivu mpaka macho yanachoka, mchanga mwekundu pembeni ya lami, joto linapanda kutoka chini, upepo unakuja usoni umebeba vumbi la nchi nzima. Babu zangu walipita humu na mzigo kichwani, hakuna lami, hakuna tone la maji. Wajukuu wao wakapita na glukosi, na bado walikuwa wanaanguka mmojammoja. Mwenyekiti alipigiwa simu. Akaiongea akiwa ameshaingia garini, kioo kimepandishwa, anatuonyesha kwa kidole kwamba tuendelee tu, yuko pamoja nasi.

Kabla ya Itigi nilikuwa peke yangu barabarani. Makalio yalikuwa yanawaka. Nilimtukana mtani wangu kwa sauti, nikamtukania ukoo, siti yake, urefu wake, na tabia yake ya kufa bila taarifa. Mfugaji mmoja aliyekuwa na mbuzi akasimama kunisikiliza, akanipa pole. Nikashangaa kukuta nalia. Nikafuta uso na kusaga meno, nikajiambia machozi yangu hayatakiwi huko niendako, yanatakiwa ya mwingine.

Baada ya Manyoni nchi inakatika. Uko juu, na ghafla mbele yako kuna bonde limelala mpaka mwisho wa macho, kavu, na barabara inashuka kwa kupinda kwenye majabali. Hapo, sijui kwa muujiza gani, wenzangu wote walipona. Gari lilisimama, wakashuka, wakajipaka mafuta, wakapanda baiskeli zao, mwenyekiti akiwa mbele. Droni ikapaa. Ukiitazama ile video, utaapa kwamba kikosi hicho cha chuma kimetoka Tabora bila kupumzika. Mimi sionekani. Nilikuwa nyuma, breki zinalia, naomba dua zote ninazozijua.

Nyumbani kwa marehemu turubai lilishafungwa, wageni wamekaa. Niliwaacha klabu waingie, mimi nikabaki nyuma ya kichaka cha miiba. Kwenye mfuko nilikuwa nimebeba jezi yake na kaptula yake, nikavaa. Jezi ilikuwa ya mtu mwembamba, ikajikunja juu ya kitovu, kitambi changu kikabaki nje kujionea Ugogo. Kaptula ikafika chini ya magoti.

Ndani mwenyekiti alishashika kipaza sauti. "Tumempoteza mwanamichezo," alikuwa anasema, "na katika kumuenzi, klabu chini ya uongozi wangu..."

Nikapiga kengele.

Niliingia nikiendesha, magoti nimeyatawanya nje kama yeye, kidevu juu, naitikia salamu ambazo hakuna aliyezitoa: "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" Nilisalimia wazee, nikasalimia kuku, nikasalimia nguzo ya turubai. Nikafika mbele ya mwenyekiti, nikashuka kwa kuhema, nikainama kwenye cheni, kama alivyofanya kila alipochoka maisha yake yote: "Siyo mimi, ni cheni hii imelegea." Kisha nikanyoosha mkono bila kumtazama: "Mnyamwezi, lete viazi."

Mwenyekiti akasogeza kipaza sauti. "Samahani, kwenye ratiba hiki kipengele hakipo..."

"Kaa chini wewe!" mzee mmoja akamfokea. Wazee walikuwa wameshaanza kucheka. Dada mtu alicheka huku ameziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika. Nikageukia umati: "Na nani aliwaruhusu mnizike mtani wangu hajafika? Mngeniweka kiporo kidogo mngepungukiwa nini?" Watu hoi.

Mama yake hakucheka. Alikuwa kwenye mkeka, mikono mapajani. Akanyanyuka polepole, watu wakampisha. Nikaacha kucheza. Alinikaribia, akaangalia baiskeli, akapitisha kiganja kwenye usukani, akafuta vumbi. Akanitazama usoni, kisha mabegani, kisha kwenye lile tumbo langu lililokuwa wazi mbele ya kadamnasi.

"Umekonda, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unapigapiga turubai.

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Njia ilikuwa ndefu."

"Na hukuaga."

"Sikuaga, mama. Nisamehe."

Ndipo akalia. Alilia ameshika usukani kwa mikono yote miwili, sauti imetoka mbali, na wanawake wakamshika kiunoni wakalia naye. Nami, niliyetoka Tabora kuja kuchekesha watu, nikaangukia siti ile ya juu nikalia kuliko wafiwa wenyewe. Wazee wakanijia juu. Mtani gani huyu, wakauliza, hii ndiyo kazi aliyoitiwa? Nikawaambia waniache.