Mkono wa Mama Bungeni

Mama aliachana na siasa, na siku hizi ni mimi ninayekaanga sambusa za duka letu hapa Brooklyn Park. Koti langu likishika harufu ile ya mafuta, uso huniwaka.

Alipokuwa mbunge wa jimbo, kila asubuhi alikaanga kwanza, ndipo akavaa suti na kuendesha gari hadi Saint Paul, mji lilipo bunge la jimbo letu. Siku darasa letu lilipotembelea bunge, alishuka ngazi za marumaru mbiombio, ananukia kitunguu na dania, mikono wazi.

“Mwanangu, umekula?” akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani.

Msichana mmoja akabana pua. “Anasema nini huyo?”

Nilielewa kila neno. Nikajibu kwa Kiingereza, “Sijui. Simfahamu.”

Mama akasimama. Akaishusha mikono taratibu, akainyoosha suti yake. Kisha akaanza kutusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kama alivyowasalimia wageni wote. Aliponifikia, akanishika kwa vidole vyenye makovu ya mafuta, akauliza kwa Kiingereza chake cha bungeni:

“Nawe unaitwa nani, mtoto mzuri?”

Nikamtajia jina langu, lile la mama yake mzazi.