Chupa Niliyomfichia Kaka Yangu

Kwetu, firigisi ya kuku ni ya mwanamume wa nyumba. Baba alipofariki ilipaswa kwenda kwa kaka yangu mkubwa, lakini wakati huo kaka alikuwa akilala kwenye mitaro ya mji wa Naro Moru, na firigisi haipelekwi mtaroni. Basi nikaila mimi, miaka mitatu mizima, kwa heshima zake zote.

Siku aliyorudi kutoka rihabu, kituo cha kuachisha watu pombe, mama alichinja jogoo. Akaitafuta firigisi kwa mwiko kama anayetafuta pete, akaiweka kwenye sahani ya kaka. Mimi nikapewa shingo.

Mshauri wa rihabu alikuwa ametuketisha akatueleza kwamba ulevi ni ugonjwa, na kwamba mtu anayepona anahitaji kuaminiwa kidogo kidogo. Sawa. Lakini mimi nikiugua homa napewa kidonge na jembe. Huyu aliugua pombe kali ya vioski vya nyuma ya soko, akauza hata blanketi langu, sasa anaulizwa kama chai ina sukari ya kutosha.

Nilivumilia mpaka alipopewa kazi ya maziwa. Kila asubuhi kabla ya shule, mimi ndiye niliyekuwa nikibeba mkebe wa maziwa hadi barabarani kwa gari la dairy. Nilikuwa nikiilalamikia kazi hiyo kila siku ya Mungu. Kisha mama akasema, "Kuanzia kesho kaka yako ndiye atapeleka. Mshauri alisema apewe jukumu."

"Na mimi je?"

"Wewe soma. Ulikuwa unasema mkebe unakuvunja mgongo, ama?"

Ati mgongo! Asubuhi iliyofuata nililala hadi saa moja, nikaamka na hasira ya mtu aliyeibiwa.

Wiki hiyo, nikikatia ng'ombe majani ya nepia, nilipata chupa tupu ya pombe, moja ya zile kaka alizokuwa akificha kote shambani. Bado ilikuwa na kifuniko. Nikaiosha, nikaijaza chai ya rangi, na rangi ikafanana kabisa na ya pombe. Nikaisukuma katika ile nafasi kati ya mbao na mabati juu ya kitanda chake, maficho yake ya zamani ambayo mama huyapapasa kila Jumamosi akifagia. Nilijiambia ni mzaha. Uongo. Nilitaka mkebe wangu.

Jumamosi, mama hakuwahi kufika huko. Tulikuwa nje tukipukuchua mahindi kaka alipotoka chumbani, akiwa ameishika chupa kwa shingo, mkono umenyooka mbele kama aliyebeba nyoka. Jasho lilikuwa linamtiririka na mchana wenyewe ulikuwa wa baridi, mlima umejifunika mawingu.

"Mum," akasema, "sijafungua. Nimeipata kwa mabati. Lazima niliificha zamani nikasahau. Ichukue haraka, tafadhali."

Mama akainuka, mahindi yakamwagika. Akamshika shavu. "Umeniletea mwenyewe," akasema. "Umeniletea mwenyewe, baba."

Baba! Mimi sijawahi kuitwa baba hata nilipopita mtihani. Nimemwekea mtego, na mtego umempandisha cheo.

Mama akaifungua chupa na kuanza kuimwaga kwenye nepia. Majani ya chai yakatoka. Akasita, akanusa. Kisha akageuka, bila haraka.

"Na wewe mbona umenyamaza? Wewe huwa hunyamazi."

Nikatazama kiatu changu. "Ni mimi. Ni chai tu."

Kaka aliketi chini pale pale kwenye maganda ya mahindi. Nilingoja kofi, lakini alikuwa akitetemeka, na sikujua kama anacheka au analia mpaka aliposema, "Nimekaa na hiyo kitu saa nzima huko ndani. Saa nzima, wewe. Nimeiweka chini mara nne. Chai!"

Niliomba msamaha. Ulitoka mdogo, kama wa mtu mwenye mafua.

Mama aliitikisa chupa, ilikuwa imebaki nusu. "Kunywa," akaniambia.

"Mum, ni ya siku tatu."

"Kunywa."

Ilikuwa imechacha. Nilimeza huku machozi yakinitoka puani, na kaka akinitazama bila kupepesa macho.

"Polepole," akasema. "Ya kwanza huwa hivyo."

Asubuhi ya Jumatatu niliamka gizani kabla yake, nikauvizia mkebe mlangoni. Akatoka, akakuta mkono wangu kwenye kishikio chake.

"Nikusaidie?" nikauliza.

Aliutoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe bado uko kwa matibabu," akasema, akaondoka na maziwa yangu.