Medali Iliyotoka Jikoni kwa Bibi

Walipobomoa jiko la kuni la bibi kule Akheri mwezi uliopita, medali ilianguka kutoka ukutani. Niliificha mwenyewe kwenye tundu nikiwa darasa la nne, nisije nikaipoteza, kisha ukuta ukakandikwa upya na mimi nikakua. Nilipoifuta masizi, rafiki yangu, mambo yote yalinirudia, hata yale ambayo mpaka leo siyaelewi.

Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa bingwa wa mieleka ya mtindo huru, ile inayoruhusu kumkamata mwenzako hata miguu. Alianzia nyuma ya zizi. Tukitoka kukata majani ya ng'ombe, alirundika majani makavu ya migomba, akatuita watoto mmoja mmoja na kutubwaga, nasi tukicheka mpaka kwikwi. Bibi, akikoroga loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando, alipaza sauti kutoka jikoni: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Ila miguu iliyoteguka ilikuwa ya wenzake. Mwalimu wa michezo akamwona, akampeleka mtaa wa Sakina mjini, kwenye ua wa gereji walikotandika turubai juu ya maranda. Jioni alirudi ananukia mbao na dawa ya kuchua. Akashinda mkoani, akaenda kushinda mbali, na kila aliporudi alitubwaga sote bila upendeleo.

Kisha akaposwa. Yule kijana alimpenda kweli, maana akija tu, shangazi alisahau chai jikoni mpaka ikamwagika. Sendoff, sherehe ya kumuaga binti kwao, ikapangwa Jumamosi, na fainali ya mieleka ikaangukia Ijumaa. Akaenda kote kuwili.

Alitokea mbele ya wakwe na gauni la bluu, jicho la kushoto limevimba, poda imeshindwa kulificha. Muziki ukazimwa. Mshenga wa upande wa bwana harusi akasimama, kofia mkononi.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi. "Mtusamehe, lakini sisi hatuwezi kumchukua binti aliyepigwa ili akubali."

Wazee wakainuka kwenda kuteta migombani, nami nikajua harusi imekufa.

"Baba, hakuna aliyenilazimisha," shangazi akamwambia mshenga. "Nimepigwa kidogo jana ulingoni, ila mwenzangu ndiye aliyelala chini." Akachomoa medali kifuani.

Vigelegele vilipasuka. Mshenga alicheka mpaka akakaa, halafu akasimama tena. "Bingwa tunamchukua. Ila mieleka ibaki huku huku kwenu."

Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, sijui kwa nini. Shangazi alimtazama bwana harusi, na bwana harusi alikuwa anatazama viatu vyake. Shangazi akaivua ile medali, akanivisha. "Nishikie, nakuja."

Je, alilia? Siwezi kukuapia. Jicho lile lilikuwa linatoka machozi tangu asubuhi.

Hakuja kuichukua, na hakupigana tena. Sijui kama ni maneno ya mshenga yaliyomfunga, au alikwishaamua mwenyewe tangu Ijumaa. Nilipomuuliza bibi, aliniambia, "Kula wewe." Sasa bibi hayupo, zizi halipo, na watoto wa siku hizi pale nyumbani hawajui hata kwamba majani ya migomba yanaweza kuwa ulingo. Nilihuzunika, halafu nikajishangaa, kwa sababu shangazi mwenyewe sijawahi kumwona akihuzunika.

Jumapili nikampelekea medali yake huko kwake Terrat. Nilimkuta uani anachambua maharage, amenenepa, anacheka na wajukuu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umenyauka, huli?"

Nikamwekea medali kiganjani. Akaigeuza, akaipima uzito, akaniuliza, "Ya nani hii?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Nilichanganyikiwa, nikaona labda nimefanya vibaya kuileta, nikanyoosha mkono niichukue nirudi nayo.

Nikavuta. Hakuiachia.