Siku Niliyookoa Maziwa ya Wakwe

Hii niliapa sitaisimulia, lakini kwa vile Brian huisimulia vibaya kila tukikutana (ananiongezea hata kupiga nduru, na mimi sikupiga nduru), afadhali mnisikie mwenyewe, mcheke, tumalizane.

Brian ni mdogo wangu, kitinda mimba, na tangu wazazi wetu wafariki mimi ndiye mama na baba yake hapa Birmingham. Sasa akampenda Dilini, msichana Msinhala, wazazi wake wa Sri Lanka, na Aprili ile wakatualika kwao Kings Heath kwa mwaka mpya wao. Ukoo mzima ulikuwa mimi. Nikatoka shifti, nikavaa kitenge changu kizuri, tukapanda basi Small Heath, na njia nzima Brian ananiambia, "Siz, wewe keti tu. Usisaidie."

Kuketi! Mgeni wa kuketi kama mtungi? Tulipofika nikapita kochi moja kwa moja, nikaingia jikoni kumsaidia Mama Dilini. Hapo ndipo nilipokosea.

Mchele ulikuwa umeshaoshwa, tayari kwa kiribath, wali wao wa tui wa siku za heri, lakini haukuwa motoni. Motoni kulikuwa na chungu kidogo cha maziwa. Wote wakaja wamevaa nyeupe, wakakizunguka, kimya, wanakitazama. Maziwa yakaanza kupanda. Yakafika ukingoni. Nikawaangalia: hakuna anayeshtuka, Baba Dilini anatabasamu kabisa! Na mimi, jamani, kule nilikokulia ukiacha maziwa yamwagike jikoni unachapwa kwanza, maswali baadaye. Mkono haukuniuliza. Nikarukia kile chungu, nikakinyanyua mikono mitupu, nikasema kwa fahari, "Nimeyawahi!"

Wakaacha kutazama jiko, wakanitazama mimi.

Halafu moto ukanifikia viganjani, nikakiachia. Chungu kikapasuka sakafuni, maziwa yakaruka kwenye sari ya Mama Dilini, mengine viatuni mwangu, yaliyobaki yakakimbilia chini ya friji.

"Aki siz," Brian akanong'ona, "yalitakiwa yamwagike!"

Dilini ndiye aliyenieleza, kwa upole ulioniumiza zaidi: maziwa yakifurika ni dalili kwamba mwaka utafurika neema, ndipo wali hupikwa, na saa ya heri waliyopangiwa na wanajimu ndiyo hiyo imepita. Nikapiga magoti, nikavua kilemba nikaanza kupangusa, sorry, sorry, huku nawaza nimemkosesha mdogo wangu mke.

Baba Dilini akakohoa. Akauliza, wala hatanii, "Yamemwagikia upande gani?" (Kumbe upande nao una maana.)

Wakatazama. "Upande wa dada yake Brian," Dilini akasema.

Mzee akafikiri. "Basi mwaka huu neema yetu itatoka kwa wakwe."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Dilini, akacheka mpaka akashikilia meza, kisha akanivuta kwenye bomba la maji baridi, akaushika mkono wangu pale muda mrefu kama wa mwanawe. Akachemsha maziwa mengine, nami nikapelekwa kwenye kochi.

Kiribath ilipoiva ikatandazwa, ikakatwa pembe pembe kama kashata, pembeni pilipili na vitunguu vilivyotwangwa. Desturi yao mama mwenye nyumba huwalisha watu tonge la kwanza kwa mkono wake. Mimi na viganja vyangu vilivyofungwa vitambaa nikaasama kama kifaranga.

"Kula, binti yangu," akasema.

Laini, tui tupu, chumvi kwa mbali. Machozi yakaanza. Akaniangalia, akachovya kipande cha pili kwenye pilipili, nadhani ili nipate kisingizio.

Harusi ilifanyika. Na mimi siku hizi nikialikwa kwa watu naketi, naketi kabisa, na hata nikiona moshi unatoka jikoni nauliza kwanza: jamani, huu ni moto au ni mila?